Magharibi ya Saa Nane

Jumanne, 8 Aprili 2025

Idi imepita wiki nzima, mama bado amefunga! Namwambia Ramadhani imekwisha — ananitolea macho, ananiuliza: Wataka nile mchana, uniingize motoni? Jirani yetu Bi Asmahani anamsifu, anadhani ni ile funga ya sunna, siku sita za Mfungo Mosi. Nimeona haya kusema mama hajui mwezi gani huu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama kaanguka uani. Sukari imeshuka. Hospitalini foleni ya wazee watupu, kila mmoja kashikwa mkono na binti yake. Daktari kasema huu si uzee, ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu — dimenshia — na siku hizi wanaletwa wengi, wataalamu hawatoshi. Mchana lazima ale na dawa anywe. Rahisi kusema! Kaka Rahimu kapiga simu kutoka Maramba: Samiha, mlazimishe. Aje amlazimishe yeye!

Jumamosi, 12 Aprili

Saa nane mchana nimefunga madirisha, nikashusha mapazia, nikaweka adhana kwenye simu. Simu nimeificha juu ya kabati. Mama kaisikia! Kaomba dua yake, kala tende, kanywa dawa, na uji wa pilipili manga kaumaliza bakuli zima. Kisha akainuka kuswali magharibi, na nje jua linachoma.

Nimelia jikoni. Kumdanganya mama kwa adhana! Mola anisamehe. Lakini amekula.

Jumatatu, 14 Aprili

Adhana tena. Kala tena. Naanza kuizoea hila hii, na hilo linanitisha.

Jumatano, 16 Aprili

Leo adhana imelia, tende hakuigusa. Sifuturu, kasema, mpaka mwanangu arudi kutoka chuo cha Kurani. Mtoto kashinda na funga yake, nile peke yangu?

Mwanao yupi, mama?

Samiha.

Nikamwambia, Samiha ndiye mimi. Akacheka, tena kwa upole. Samiha mtoto, wewe jimama zima! Kisha akanisogezea tende. Nawe kula, bibi wee, umechoka kunihudumia.

Nimembembeleza, wapi. Mikono imeanza kumtetemeka. Uji unapoa.

Nimetoka barazani. Nimevaa baibui, nimejitanda mtandio kama nilivyojitanda zamani nikitoka chuoni. Naandika haya nipate pumzi tu. Sasa nabisha hodi, niseme mama nimerudi, nina njaa.

Nimebisha. Anauliza — nani?