Chapa ya Maksai wa Watu

Alhamisi, Kasokola

Simu mpya, kamera ya kujivunia, na bado yule maksai aliyepotea akaingia zizini kwetu jana anaonekana mtandaoni kama gunia la mkaa kwenye ukungu.

Kwenye simu yangu chapa ya pajani ilisomeka vizuri. Nikaiweka picha kwenye mtandao wa kijamii ili mwenyewe ajitokeze, ikawa chenga tupu, haisomeki. Nikafuta, nikaweka tena. Chenga zikaongezeka. Asanteni sana, wataalamu wa mtandao, kwa kuipunguza ubora. Bando langu lakini mmelila zima zima, hilo hamkulipunguza.

Kufika saa sita mchana maksai alishapata wenyewe watatu. Wote walimtambua "kabisa" kwenye picha, wakati mimi niliyeipiga nilikuwa sioni hata pembe.

Baba akawauliza kitu kimoja tu: chapa yake ikoje? Wa kwanza akasema nyota. Wa pili, herufi M. Wa tatu akakumbuka ameacha pikipiki juani.

Wa nne alikuwa mama mmoja wa upande wa Litapunga. Hana simu, amefuata alama za kwato kwa miguu tangu jana. Kabla hajaonyeshwa ng'ombe akachora chini kwa kidole: duara lenye mkia. Ndiyo yenyewe.

Alipoondoka na maksai wake, baba akanigeukia. "Mwanangu, kumbe chapa ndiyo ulitaka kuwaonyesha watu wote?"

Siku nzima nimeutukana mtandao kwa kuificha chapa ambayo mimi, na akili zangu timamu, nilikuwa nawasomea wezi.