Bwana Yangu wa Biro ya Maji

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Kabichi tena. Nimekanyaga pompe ya kumwagilia tangu asubuhi, magoti yanauma. Mto umepungua. Zamu ilikuwa yangu, lakini Alimasi aliingia mbele na akachelewa kutoka, makusudi. Alimasi ni mudogo ya bwana yangu, marehemu Wilondja. Banafanana sura. Njo ile inaniuzi zaidi.

Habari ya Lilongwe: biro ya maji inataka kumaliza madosie yote ya zamani. Maombi ya ruhusa ya maji yaliyolala miaka. Letu liko humo. Wilondja aliliandikisha mwaka wa 97, kwa jina lake, juu ya mashamba yetu yote ya kando ya mto. Bila ruhusa ile chifu wa kijiji atatufukuza mutoni. Amesema wazi, na hatasubiri mvua.

Jumatano, 8 Septemba
Kikao cha wenye mashamba, nyuma ya kanisa. Katekista Bashizi njo aliongoza. Tangazo ni hili: mwenye ombi aende mwenyewe Lilongwe, aitike jina lake. Asiyefika, dosie yake inafungwa.

Mwenye ombi letu alikufa kwetu, mujini Baraka, mwezi wa pili. Alirudi katika vita kutafuta mama yake. Mutu aliyemuzika njo alituletea habari. Matanga tulifanyia hapa hapa kambini Dzaleka, na bote balikuja.

Nilisema tuandike ombi jipya, kwa jina langu. Alimasi akacheka. "Mwanamuke mukimbizi aandikiwe mto?" Bazee bakasimama, bakaenda. Kuondoka kwabo nakuchukia kuliko kicheko chake.

Ijumaa, 10 Septemba
Alimasi alipita kwangu wakati niko mutoni. Aliomba batoto karata ya ukimbizi ya baba yabo. Eti kumbukumbu ya ndugu. Batoto bakamupa. Kumbukumbu gani? Hata siku ya matanga hakulia.

Jumanne, 14 Septemba
Sasa najua. Amerudi toka Lilongwe na ruhusa ya maji. Iko na muhuri. Jina la Wilondja lilipoitwa, yeye akaitika: "Niko." Karata ya ndugu, sura ya ndugu. Batu bakapiga makofi. Bakamubeba mabegani. Mi nikaenda nyumbani.

Alhamisi, 16 Septemba
Amenitoa kwenye pompe. Anasema ruhusa ni ya ukoo wake, mujane hana zamu. Kisha akasema lingine: nikikubali awe bwana yangu, nitamwagilia kila siku. Iko na bibi tayari. Alisema vile akitafuna muhindi wa kuchoma, bila haya.

Nikamuambia, "Heri kabichi zioze."

Haziozi. Zinakauka. Majani yamelala chini. Niko na batoto batatu, na kabichi zile njo chakula na masomo yabo.

Nilienda kwa katekista. Anasema kurithi bibi ya marehemu ni desturi, tena Alimasi ni mutu wa kazi, basi niombe Mungu anipe moyo laini. Shamba la katekista mwenyewe linachuruzika maji. Nilitoka bila kuaga.

Jumatatu, 20 Septemba
Lilongwe. Kambini balininyima pasi ya kutoka, nikaenda bila pasi. Polisi bakinishika, banishike.

Biro ya maji: madosie sakafuni, juu ya viti, dirishani. Mengine yamefungwa kamba ya katani. Karani mumoja kijana, shati limelowa jasho, anapiga muhuri bila kusoma. Nikamuambia kwa Chichewa changu kibovu: Wilondja alikufa, aliyekuja ni mudogo yake. Hakuinua macho. Akasema bakubwa bake banataka madosie yaishe mwisho wa mwezi. Lile limeisha. Lililoisha halifunguliwi.

Nikasema tena: alikufa, alizikwa.

"Hapa kwetu bwana yako ni muzima, mama. Zikomo." Asante yabo, ya kukufukuza.

Mutu wa nyuma akanisukuma, akachukua nafasi yangu. Nilitamani kupiga teke rundo lile lote. Nililia barabarani, si kwa huzuni. Hasira tupu.

Nimelala hapa mujini, Mchesi, kwa Nabintu, mushonaji, rafiki yangu tangu Bukavu. Alisikia yote, akasimamisha mashini.

"Basi uko na bwana," akasema, akacheka.

Mi sikucheka. Chai yangu ikapoa nikiwaza neno lile.

Jumatano, 22 Septemba
Niliita kikao mimi. Nilivua kitambaa cheusi cha matanga nyumbani, nikafunga kitenge cha maua. Bamama bakaniangalia vibaya nilipoingia. Baangalie.

Nikamuuliza Alimasi mbele ya bote, "Ruhusa iko kwa jina la nani?"

"La Wilondja. Si unajua?"

"Wilondja ni muzima ao alikufa?"

Akaangalia katekista.

"Kama alikufa," nikasema, "ruhusa ile ni karatasi bure, na we uliitika jina la maiti mbele ya serikali. Chifu atasikia leo leo. Kama ni muzima, mi ni bibi yake. Huwezi kumurithi bibi ya mutu muzima. Na zamu yake ni yangu mupaka arudi."

Alimasi akasimama, mkono juu. Hakuna aliyemushika. Akatazama huku na huku aone nani iko upande wake. Kila mutu alikuwa anawaza shamba lake. Katekista akakohoa.

"Wilondja ni muzima," akasema.

Bengine bakafuata, mumoja mumoja. Muzima. Muzima. Batu baliokula nsima ya matanga yake! Alimasi akasema mwisho, akiangalia chini. Mkono ukashuka.

Nimeshinda. Nabachukia bote.

Ijumaa, 24 Septemba
Zamu yangu. Alimasi akatema mate karibu na miguu yangu. Nikakanyaga pompe. Nusu ya kabichi zimekufa, nimezing'oa. Bibi yake Alimasi alipita, akanisaidia kubeba majani makavu.

Jumapili, 26 Septemba
Misa. Niliketi nyuma na batoto. Katekista akasoma majina ya marehemu ba mwaka huu. Alipofika kwa Wilondja akaruka, akaenda kwa mwingine. Nilijua ataruka. Mi mwenyewe njo nilitaka vile.

Kifungua mimba akaniangalia. Nikamushika mkono. Nikalitaja jina la baba yake sauti ya chini, sisi bane tu tulisikia. Batoto bakaitika Amina.

Kisha tukarudi nyumbani. Nilipika maharagwe.