Chai ya Barafu na Damu Isiyopanda

Alhamisi, Oktoba. Tabora leo haina upepo hata wa kutikisa pazia. Nimerudi kutoka kliniki na hasira ambayo sijui nimtupie nani.

Damu bado iko chini.

Mimba hii ni ya miezi saba. Vidonge vya kuongeza damu nameza kila siku, matembele nakula mpaka nayaota. Halafu nesi anatazama majibu, anatikisa kichwa, ananiambia hali isipobadilika nitajifungulia hospitali ya mkoa.

"Vidonge unameza na nini?"

"Na chai."

"Chai gani?"

Nikamweleza, tena kwa madaha. Nachemsha maji, natia majani ya chai, nafunika yakolee, nachuja. Nakamulia limao, natupia nanaa na sukari kidogo, ikipoa naweka kwenye friji. Mchana naimimina juu ya barafu. Kwa joto hili ndiyo pumzi yangu, na soda nimeacha kwa ajili yake. Nashushia chakula, nashushia na vidonge.

"Dada, hapo ndipo unapojiharibia," akasema. "Chai ya rangi ukinywa na chakula au vidonge, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Iwe ya moto, iwe ya barafu. Vidonge meza kwa maji. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya kula, na usizidishe."

Miezi yote nimekaa kwenye benchi la kliniki. Mbona hakuna aliyeuliza?

Nyumbani ikawa balaa zaidi. Mama mkwe amekuja kutoka Nzega kumsubiri mjukuu, na tangu afike ana vita na jagi langu la chai. Eti barafu itamgandisha mtoto. Nilipomsimulia ya nesi, akapiga makofi.

"Si nilisema!"

"Mama, si barafu. Ni chai yenyewe, na muda ninaoinywa."

"Ni hilo hilo."

Akampigia mume wangu, anayefundisha shule kule Usinge, kumtangazia kwamba yeye alionya mapema. Mume naye akaomba nipewe simu. "Msikilize mama," akaniambia. Basi. Nilitamani kuitupa simu uani.

Hakuna aliyeniuliza kama naogopa.

Naogopa sana. Binamu yangu aliingia leba akiwa na damu kidogo. Mtoto wake sasa analelewa na bibi.

Jioni mama mkwe akapika maini, akanimenyea chungwa, akaliondoa jagi mezani bila kuniomba ruhusa. Nikala nimenuna. Kisha ikanitoka tu, nikamwambia habari za binamu yangu.

Akakusanya maganda ya chungwa taratibu, moja moja.

"Dada yangu nilimzika hivyo hivyo," akasema. "Unadhani kweli mimi naogopa barafu?"

Nikasogeza kiti karibu yake, tukakaa.

Hasira haijaisha, nisijidanganye. Bado nawakasirikia kliniki, mume, na jua hili. Maji matupu hayana ladha yoyote.

Lakini asubuhi nitameza vidonge kwa maji, hata kama nimenuna.