Safu Mbili za Zabibu

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Vipi hilo koo, limepona? Na mama mkwe mtarajiwa, bado anabadilisha rangi ya vitambaa kila akiamka? Mwambie dada mtu kasema rangi ni ileile ya mwanzo, basi. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo zinakuja.

Shughuli yako inakwenda. Meneja wa shamba la mizabibu amekubali viti mia na ishirini vipangwe katikati ya safu, na jukwaa liwe kule chini penye kivuli. Mpiga picha, yule unayemwita Jicho, hakuridhika na picha za mahali nilizomtumia. Alitaka twende wenyewe saa kumi na nusu, saa ileile utakayoolewa, aone jua linaangukia wapi. Tukaenda jana.

Ila kwanza nikukumbushe kitu. Ile kalenda niliyobandika juu ya kitanda chetu, yenye shamba la zabibu, unaikumbuka? Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikasema mimi nitaolewa pale. Wewe ulikuwa unachezea shuka. Nimepanga harusi arobaini na tatu za watu, mdogo wangu, na yangu haimo. Halafu siku moja ukaja ofisini, ukaketi kiti cha wateja, ukasema unataka shamba la mizabibu. Nikacheka, nikaandika. Wivu ulinijaa, chai yangu nikaiacha ipoe.

Basi jana Jicho akamuuliza meneja kama zabibu zitakuwepo siku hiyo. Meneja akashangaa. Akasema alishanieleza kwamba mavuno yanaisha Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, na kwamba Jumamosi ya wiki iliyotangulia ilikuwa wazi, ila mimi nikang'ang'ania hii. Jicho akaniomba nisimame mahali pako ajaribu mwanga, nami nikajitupia kitambaa cha meza kichwani. Aliponionyesha picha, nilimwona mtu aliyekunja uso kama kalishwa ndimu.

"Dada," akasema kwa upole, "huyu bibi harusi ana hasira na nani?"

Na wewe, mdogo wangu. Nilikuambia ile Jumamosi nyingine imeshachukuliwa, na nilikuambia uongo. Nilitaka uolewe katikati ya majani matupu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nikikufunga vifungo tangu utotoni.

Kadi zimeshagawanywa, tarehe haigeuki tena. Leo asubuhi nimerudi kwa meneja kumsihi. Ameniachia safu mbili, ya kushoto kwako na ya kulia, kwa sharti kwamba nizifunike nyavu mwenyewe ndege wasizimalize, na Jumapili nizivune mwenyewe. Nimeshazifunika. Ukiona mwandiko umepinda, ni vidole vimechubuka.

Ile picha nimeitia humu ndani. Ichane ukitaka. Mama usimwambie mpaka hasira zikupoe, maana yeye atakuja kwangu na mwiko. Bwana harusi msalimie, hana kosa.

Nisimame kando yako Jumamosi au nisisimame, hilo ni lako kuamua, wala sitanung'unika. Hata ukisema hutaki kuniona, nitafika mapema kabla ya wageni, nitoe nyavu, niondoke.

Ni mimi,
dada yako wa kitanda kimoja.