Nilifua Koti Jukwaani, Sasa Natakiwa Kuomba Radhi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unishike mkono kabla sijatia saini jambo nitakalolijutia. Mimi ni msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa, mwaka wa kumi na tisa huu, na mwaka huu nilialikwa kwenye mkutano wa wataalamu wa usafi wa hospitali nikazungumze juu ya madoa, mimi dobi tu, basi wifi yangu akaniazima koti lake jeusi, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, na jirani yangu kitini alikuwa mama mwenye mtoto mchanga, akaniomba, "Dada, nishikie kidogo nifunge mkanda," nikamshika, na yule malaika akanitapikia maziwa kuanzia begani hadi kiunoni.

Nikajiambia si neno, nguo nyingine zimo begini. Tulipotua nikachukua begi, gari likanipeleka moja kwa moja ukumbini maana zamu yangu ilikuwa saa tano asubuhi, nikaingia chooni nibadilishe, kufungua begi nakuta bukta mbili, viatu vya njumu na filimbi. Begi la refa! (Alilipata jioni yake, akanirudishia langu, tukacheka.) Lakini saa ile ningefanya nini? Nikapanda jukwaani vilevile, nanuka maziwa, na sijafungua mdomo daktari mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Mama, kabla hujatufundisha madoa, hilo lako vipi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ulimi ukanitangulia: "Asante daktari, umeniletea mfano. Nani ana beseni?"

Beseni halikuwepo, wakamwaga matunda mezani wakanipa bakuli lake, na maji baridi na sabuni ya chooni, nikavua koti, na hapo ndipo nilipogundua blauzi nimeivaa nje ndani, lebo inapepea ubavuni, wakacheka tena, nami nikacheka, nikawaambia hilo ni somo la pili na muda hautoshi. Nikafua mbele yao. Nikawaeleza kwamba doa la maziwa, kama la damu, hutakiwi kulianza na maji ya moto, maana joto hulipika likang'ang'ania uzi, na kwamba sisi tangu tuanze na maji baridi hatutupi hata nusu ya mashuka tuliyokuwa tukitupa. Nikainua koti, jeusi kama lilivyotoka dukani. Mshauri, watu mia tatu walisimama! Yule daktari alinifuata na daftari aandike hatua moja moja, na wameshanialika mwakani niwe mzungumzaji mkuu.

Niliporudi, katibu wa hospitali, ambaye ndiye bosi wangu, aliniuliza safari ilikuwaje, nikajibu, "Salama tu." Wiki iliyofuata video niliyopigwa ukumbini ikamfikia kupitia kwa mkubwa wake. Akaniita: "Umetuvua nguo mbele ya watu. Utaandika barua ya kuomba radhi, na mwakani nitakwenda mimi." Barua ameichapa yeye mwenyewe, imebaki saini yangu. Mume wangu anasema, "Saini, mke wangu, yaishe." Mama mkwe yeye anamwonyesha video kila mgeni: "Huyo ndiye mkwe wangu, tazama anavyokamua!" Na siri yangu ni hii: sioni haya hata chembe. Nikiwakumbuka wale watu, kifua kinajaa. Je, hicho ni kiburi?

Mama Mashuka

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mashuka, nimecheka hadi machozi, sasa nikugombeze.

Kwanza, wewe si "dobi tu". Dobi tu hasimamishi watu mia tatu kwa bakuli la matunda. Kiburi ni kujisifia usichokiweza. Wewe umejivunia kazi ya mikono yako, na haki hiyo umeitolea jasho miaka kumi na tisa.

Lakini kosa unalo. Kwa nini ulimwambia bosi wako "salama tu" kama mtu aliyeiba? Ulimwacha asikie habari za mtu wake kutoka kwa mkubwa wake, akaonekana hajui kinachotendeka nyumbani kwake. Hapo ndipo alipoumia, si kwenye koti. Kwa hilo, na kwa hilo peke yake, mwombe radhi, kwa mdomo, ukiwa umesimama mbele yake.

Barua aliyoichapa usiitie saini. Mumeo anakutakia amani, namwelewa, ila saini ikishakauka haifuliki, hata kwa maji baridi. Andika ripoti ya safari yako, kurasa mbili, matapishi na yote, uambatishe mwaliko wenye jina lako. Nakala moja kwa katibu, nyingine kwa mkubwa wake. Mwambie katibu, kwa adabu, kwamba anakaribishwa kuja kukusikiliza.

Fanya hivyo kesho asubuhi. Na kabla ya jioni wajibu waandaaji kwamba utakwenda, na kwamba safari hii unataka beseni.