Kanda ya Visimani

Jumatatu, 1 Agosti 1983

Jenereta imekohoa asubuhi yote. Nimesafisha plagi, ikawaka. Nimeandika ubao wa wiki wa ukumbi wetu wa video. Leo karate. Kesho kauboi. Jumatano mchana ya Kihindi, wanawake peke yao, kila mmoja na leso ya machozi. Alhamisi vichekesho vya Kizungu vya televisheni, vile vinavyorekodiwa Nairobi. Ijumaa tunafunga. Jumamosi mieleka, na ya wanyama ya kujazia.

Watu hudhani kuchagua ni kazi ndogo. Waje wachague wao. Ukiweka karate mfululizo vijana wanaanza kurushiana mateke mlangoni. Ukizidisha za Kihindi wanaume wananuna. Vichekesho hawavielewi, wanacheka kwa sababu wale wa ndani ya televisheni wanacheka. Za kauboi ndizo zinazonifurahisha, kwa ajili ya wafugaji wanaotoka Burat. Bunduki hawaziangalii kabisa. Wanaangalia ng'ombe. Wiki iliyopita mzee mmoja alisimama katikati ya vita akatangaza kwamba wale ng'ombe wamenona lakini wachungaji wao ni bure. Ukumbi mzima ulimuunga mkono.

Mume wangu Jattani yuko njiani na lori kutoka Nairobi. Kabale amepoteza kiatu tena. Mtoto wa miaka mitano, ukaidi wote wa baba yake.

Alhamisi, 4 Agosti

Jattani alifika asubuhi. Akashusha katoni ya kanda, akanywa chai akiwa amesimama, akaondoka kwenda Marsabit na magunia ya unga. Mume wa barabarani. Sijalalamika, hilo lori ndilo linalotulisha. Nilipoolewa naye alikuwa amekwisha kulinunua.

Nimejaribu kanda zote. Karate mpya, picha nzuri. Ya Kihindi ina mstari katikati, itabidi wavumilie. Vipindi vya polisi wa Ulaya, maneno mengi, mbio chache. Sitaonyesha. Halafu moja imeandikwa kwa kalamu tu, "Jangwa". Wazungu wanaeleza habari za wafugaji wa huku kwetu kaskazini. Nilitaka kuitoa. Kisha nikaona visima, watu wanachota maji wakiimba, na kijana amefunga shuka kiunoni anasukuma ngamia warudi nyuma wasubiri zamu.

Jattani! Mwembamba, hana ndevu, anacheka na meno yake yote. Nilipiga kelele hadi Kabale akaja mbio. Nimeirudisha nikaiangalia tena. Nimefurahi kama mtoto. Sikuwahi kuona picha yake ya kabla ya kunioa. Kwenye ubao nimeandika Jumamosi: Njooni muone watu wetu kwenye video.

Jumamosi, 6 Agosti

Ukumbi ulijaa hadi dirishani. Mieleka waliiangalia nusu nusu, wakasema weka ile yenu. Jattani alipotokea vijana walipiga makofi na mimi nikavimba kichwa.

Halafu Talaso akasimama. Huyu ni mjane wa Guyo, yule aliyepotea na ngamia wake mwaka ule wa ukame, kabla sijaolewa. Hakuonekana tena, yeye wala mnyama hata mmoja. Talaso haji kwenye video kamwe. Leo alikuja kwa sababu ya ngamia.

"Mama Kabale, rudisha hapo."

Nilirudisha. Akasogea hadi karibu na televisheni. Sikuelewa. Nilidhani macho yake ni mabovu. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya ngamia jike mweupe nyuma ya Jattani.

"Rudisha tena."

Makofi yaliisha. Wazee walikuwa wamenyamaza kabla ya hapo, sasa nakumbuka. Walikuwa wameshaona. Mimi niliangalia mtu, wao waliangalia mnyama. Nilizaliwa mjini, baba yangu alikuwa na duka, ningejuaje?

Talaso alisema kwa upole, "Hii nilikamua mimi kwa mkono yangu," akatoka.

Jumapili, 7 Agosti

Wario amekuja, ndugu yake Guyo. Salaam aleikum, aleikum salaam. Akaomba ile ya jangwa. Nilikuwa nimepanga vichekesho. Nikaweka ya jangwa. Alikaa benchi la mbele na wanaume wawili, mikono juu ya fimbo. Ilipoisha wakashukuru, wakaondoka.

Jumanne, 9 Agosti

Wamerudi. Leo ni kauboi kwenye ubao na hakuna aliyetaka kauboi. Wageni wengine nisiowajua, kutoka Kinna, wamekuja na vumbi la safari. Wanainuka, wanaonyesha ngamia kwa fimbo. Alama ya moto shavuni. Sikio la kushoto. Wanajadiliana kwa sauti ya chini, kama watu walio msikitini. Nikawasha karate baadaye na ukumbi ukabaki na vijana watatu.

Nina hofu. Naandika hivyo hivyo, nina hofu.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimefunga mlango nikaiangalia peke yangu. Nimesimamisha picha. Inatetemeka lakini inaonekana. Sikio la yule ngamia limepasuliwa mara mbili kutoka juu, na shavuni kuna ile alama waliyoionyesha, ya ukoo wa Guyo. Si yule mweupe tu. Wale wa nyuma pia. Kundi lote.

Jattani aliniambia mwaka ule wa ukame alikuwa Moyale akibeba mizigo sokoni. Aliniambia lori alilipata kwa kuuza mifugo ya urithi. Sikuuliza urithi wa nani. Nani huuliza mwanamume anayemchumbia habari kama hizo?

Wario amepita dukani kwa mama yangu, akauliza kwa adabu Jattani anarudi lini. Mama akamwambia Jumamosi. Mama hajui kunyamaza.

Jumamosi, 13 Agosti

Amerudi mchana. Alikuwa ameshasikia. Pale Ngaremara aliposimama kuuza mkaa watu walikataa kumtazama usoni. Hakula. Akasema nionyeshe.

Tumekaa ukumbini wawili tu, madirisha yamefungwa. Alijitazama akicheka pale visimani. Sijui alifikiria nini. Akasema, "Zima," nikazima.

Ameniambia. Hakumuua Guyo. Alimkuta amekwisha kufa kwa kiu kando ya kisima kilichokauka, ngamia wamemzunguka. Alimfunika kwa miiba na mawe fisi wasimpate, kisha akawachukua ngamia. Alikuwa kijana hana kitu, amechoka kula kwa watu. Wiki hiyo hiyo Wazungu waliokuwa na kamera walifika kwenye visima vya mbele. Akawauzia wafanyabiashara wa mpakani baadaye.

Nilimwambia aseme hivyo hivyo kwa wazee. Alicheka vibaya, akasema: Nani ataamini nilimkuta amekufa? Nitasema nilichukua ngamia, watasema kwanza nilichukua roho.

Namwamini. Nimejiuliza mara nyingi leo, na namwamini. Lakini mimi ni mke wake.

Jumapili, 14 Agosti

Wazee wametuma ujumbe. Kesho baada ya alasiri wanakuja kuiona kanda. Wote, na Talaso.

Kanda ya Nairobi huwa imevunjwa kale kakipande ka nyuma ili isirekodiwe kitu kingine juu yake. Nimebandika selotepu pale kwenye tundu. Nikaisukuma ndani, nikabonyeza kurekodi bila kuunganisha waya wowote wa picha. Nikakaa nikisubiri. Baadaye nikaiwasha kuangalia. Chenga tupu. Visima vimekwenda, nyimbo zimekwenda, Jattani mwembamba amekwenda.

Sikumwambia nitafanya hivyo. Nilipomwambia alinishika mikono yote miwili akalia. Nikajiona nimeokoa nyumba yangu.

Jumatatu, 15 Agosti

Walikuja. Nikawaambia mashine imeharibu kanda. Nikawaonyesha chenga. Hakuna aliyenipigia kelele. Wario aliangalia zile chenga kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu ndani yake. Talaso alikuwa ameketi mlangoni na hakunitazama.

Kisha mzee Halake, mkubwa wao, akasema:

"Hii kanda ingekuwepo, tungekaa tuongee maneno ya mifugo. Mwenye kulipa alipe, tusome dua, iishe. Sasa hakuna kitu ya kuonyesha. Imebaki Msahafu."

Wameondoka. Jattani ataapa Ijumaa baada ya sala. Maneno ya kiapo wanayatunga wao, si yeye.

Mjinga mimi. Mjinga wa mwisho. Nilidhani kanda ndiyo hatari. Kanda ilikuwa mlango wa kutokea na nimeufunga mwenyewe, kwa selotepu.

Jumatano, 17 Agosti

Ya Kihindi imepangwa. Wanawake hawakuja. Alikuja mmoja, jirani, akakaa mpaka wimbo wa kwanza akakumbuka ana nguo za kuanika.

Nimemwomba Jattani aseme ukweli kabla ya Ijumaa. Anasema akisema sasa wataniuliza mimi habari ya kanda. Anasema ananilinda. Huenda ni kweli. Huenda anajilinda. Nimechoka kupima.

Hapa kwetu hakuna anayechezea kiapo. Wezi wakubwa, watu wasioogopa polisi wala jela, wakiletewa Msahafu wanarudisha mbuzi. Wanasema anayeapa uongo kiapo hakianzi na yeye. Kinaanza na yule anayempenda.

Ijumaa, 19 Agosti

Ameapa. Sikuwepo, wanawake hatukuwepo, lakini mji mzima umenisimulia. Alitawadha. Akaweka mkono juu ya Msahafu. Mzee Halake akayasema maneno polepole na yeye akayafuata: hakumdhuru Guyo, hakumwona Guyo akiwa hai wala akiwa maiti, hakushika ngamia wake hata mmoja. Wangeishia pale mwanzo angekuwa ameapa kweli. Hawakuishia pale.

Halafu Wario akampa mkono. Imeisha, akasema, tumemwachia Mungu. Jattani alirudi nyumbani anatabasamu kwa midomo peke yake. Akala. Akambeba Kabale mabegani kumzungusha uani na mimi nikamwambia amshushe.

Jumatatu, 22 Agosti

Jattani ameenda Nairobi. Ukumbi umejaa tena, karate mpya, kelele, vumbi. Wario amekuja na vijana wake akalipa kiingilio kama mtu mwingine yeyote, akacheka mahali pa kuchekwa. Wote ni wapole kwangu. Wananisalimu hadi habari za kuku. Nilitamani mtu mmoja anitukane.

Walipotoka, kila mmoja alimsalimia Kabale aliyekuwa anacheza mlangoni. Walimwangalia jinsi wanavyoangalia mawingu mwaka mbaya.

Jumatano, 24 Agosti

Kabale ameamka na homa. Ni malaria. Watoto wote wanaugua malaria. Nimempa vidonge, amevitapika.

Alhamisi, 25 Agosti

Hospitali wamemdunga sindano wakasema nirudi naye nyumbani, nimpe maji. Daktari hana wasiwasi. Daktari si mtu wa hapa. Ubao nimeufuta. Hakuna video mpaka apone.

Nimeuliza stendi. Jattani anapakia huko Nairobi, hakuna njia ya kumpata kabla hajaondoka.

Jumapili, 28 Agosti

Homa inashuka, inapanda. Anakunywa maji kidogo. Ananiita hata nikiwa nimemshika.

Watu wanakuja kumjulia hali. Wanakaa kidogo, wanasema Mungu ampe shifaa, wanamwangalia yeye kisha mimi. Hakuna anayekitaja kiapo. Mama yangu peke yake analia waziwazi.

Baada ya adhuhuri alikuja Talaso. Sikumtegemea. Akavua viatu mlangoni, akaketi upande wa kichwa cha mtoto. Alichukua kitambaa kutoka mkononi mwangu, akakilowesha, akamfuta uso na shingo. Akamwombea. Alitaja jina la Kabale, akataja na jina la baba yake, kama inavyotakiwa, bila sauti yake kutetemeka. Mama alikuwa ametoka kuchota maji.

Nikamwambia yote. Sikio la ngamia. Selotepu. Kwamba Jattani aliwachukua, kwamba Guyo alikuwa amekwisha kufa, kwamba alimfunika kwa miiba na mawe kwenye kisima kilichokauka. Kwamba kiapo ni cha uongo na mimi ndiye niliyemsukuma kwenye kiapo. Nilisema nikitazama mkeka. Nilisubiri apige kelele, atoke nje awaite.

Alibaki ameshika kitambaa. Nilisikia jenereta ya jirani ikizimwa.

Aliniuliza kitu kimoja tu. Alipomlaza, alimwelekeza kibla?

Nilisema sijui. Sikumuuliza hilo.

Talaso akasema sawa, atamngoja Jattani amuulize mwenyewe. Akakilowesha kitambaa tena, akakikamua, akakiweka juu ya paji la uso wa Kabale. Hajaondoka mpaka sasa ninapoandika. Lori linafika kesho.