Nilivyofungwa na Mbwa wa Memsabu

Jumanne, 3 Machi 1953
Gari limeoshwa, rejeta imejazwa maji. Saa mbili tukatoka Msasani, nikimpeleka Memsabu kwa rafiki yake, shamba la katani kupita Ubungo. Reks, mbwa wake, kiti cha mbele kushoto kwangu, kichwa nje dirishani. Magomeni akaruka. Gari linakwenda! Aliambulia mchubuko tu mguuni. Memsabu alilia pale pale barabarani. Kosa likawa langu.

Jumatano, 4 Machi
Amri mpya. Mnyororo wa Reks ufungwe kwenye mkanda wa suruali yangu. Nilitaka kukataa. Nikasema, "Ndiyo, Memsabu." Najichukia.

Ijumaa, 6 Machi
Udenda kwenye suruali, mkononi, mpaka kwenye gia. Kwetu mate ya mbwa ni najisi: kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilipofika nyumbani Temeke nikamaliza kuosha, sala ya Ijumaa imenipita. Shomari, kaka wa mke wangu, alinikuta uani na ndoo.
"Shemeji, mie nilidhani umeajiriwa, kumbe umeozwa!"
Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Jumanne, 10 Machi
Joto. Memsabu ndani kwa rafiki yake anakunywa chai, sisi garini juani. Kumwacha Reks peke yake marufuku. Kushuka naye marufuku, majani yana kupe. Saa nzima, na mkojo umenibana. Reks alikuwa anahema vibaya, nikashusha vioo vyote, nikamnywesha maji kwenye kifuniko cha chupa yangu. Mbwa hana kosa. Hilo linaniudhi zaidi.

Ijumaa, 13 Machi
Karibu na Ubungo mbuzi alikatiza. Reks akarukia dirisha, mnyororo ukanivuta kiunoni, usukani ukanitoka. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alijitupa mtaroni. Niliyaona macho yake. Mzima, alhamdulillahi. Nilitaka kushuka nimwinue, nimefungwa. Memsabu akauliza kama Reks ameumia.
Vitani Burma niliendesha lori miaka miwili, kwenye matope na giza, sikumgusa mtu. Usukani ndio heshima yangu. Sina nyingine.

Jumamosi, 14 Machi
Nimeshona mikanda ya turubai. Inapita kifuani mwa mbwa, si shingoni, asije akajinyonga. Inafungwa kwenye vyuma vya kiti cha nyuma. Nikampelekea Bwana, mume wa Memsabu, barazani.
"Bwana, nitaendesha. Lakini sifungwi tena."
Aliipokea mikanda, akasema nije Jumanne. Mke wangu Mwanaidi hajala tangu nimweleze. Anaogopa nitafukuzwa. Hata mimi.

Jumanne, 17 Machi
Sikufukuzwa. Mikanda imefaa, Reks hakuweza hata kulifikia dirisha. Memsabu aliendesha mwenyewe. Kumbe anajua, tena vizuri. Mimi niliwekwa kiti cha nyuma kumshikia mbwa kichwa, asijigonge kwenye kona. Amesema itakuwa hivyo siku zote, moyo wake umetulia.
Pale Ubungo watu walinipungia, wakidhani nimepanda cheo. Reks alilala mapajani mwangu mpaka shambani.
Jioni Mwanaidi aliniuliza safari ilikuwaje. Nilimwambia niliendesha polepole.